Kabla ya Pasi ya Ulaya, Mizani ya Korona

Shangazi yangu ana shamba la mkonge upande wa Korogwe, na ana daftari. Ni daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Humo ameandika tarehe za kukata, mita zilizotoka shambani, yaani kipimo cha marundo ya majani, siku trekta lilipofika na siku ambazo majani yalilala kando ya njia yakingoja. Safu ya mwisho ameipa jina la singa, yaani nyuzi za mkonge, na hiyo ina mapengo mengi. Nilipomuuliza kulikoni, alijibu kwa utulivu: "Mwanangu, mpaka trekta linapoondoka naona kwa macho yangu. Baada ya hapo naletewa meseji."

Nilifika kwake nikitokea Tanga mjini na kichwa kimejaa habari za ng'ambo. Umoja wa Ulaya una kanuni iliyoanza kuwa sheria Julai 18, 2024, inayofungua njia ya bidhaa kupewa pasi ya kidijitali. Unaelekeza simu kwenye alama iliyochapwa juu ya kitu, unasoma kimetengenezwa kwa malighafi gani, zimetoka wapi, na kikichakaa kipelekwe wapi. Betri za magari ya umeme zimepangiwa kutangulia, Februari 18, 2027. Nguo na samani zimo kwenye foleni. Na kabla ya hapo, mwaka 2023, Ulaya ilipitisha kanuni ya kuzuia mazao yanayotokana na ukataji wa misitu: ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao. Mwagizaji anatakiwa aonyeshe shamba lilipo kwa vipimo vya setilaiti vyenye tarakimu 6 baada ya nukta, na shamba likizidi hekta 4, mipaka yake ichorwe yote. Utekelezaji wake umeahirishwa mara mbili, lakini haujafutwa.

Mkonge haumo katika mazao hayo 7. Mitiki ya Longuza, pale Muheza, imo, kwa kuwa ni mbao. Hata hivyo naamini ni suala la muda tu, maana mnunuzi akishazoea kuuliza swali kwenye zao moja hulihamishia kwenye jingine, na sifa kubwa inayouza mkonge leo ni kwamba si plastiki. Anayenunua zulia au kamba kwa sababu hiyo atataka kujua na mengine: maji yaliyotumika yalikwenda wapi, makapi yalitupwa wapi, aliyekata alilipwa vipi.

Kwa hiyo mjini kwetu mazungumzo yamekuwa ya programu, setilaiti, na daftari la pamoja la kidijitali ambalo hakuna awezaye kulifuta, wataalamu wanaliita blokucheni. Nimekaa kwenye vikao viwili vya namna hiyo. Yalisemwa mengi ya maana. Lakini hakuna aliyetaja mizani ya kupimia majani langoni mwa korona, mashine ya kukwangua mkonge, na mimi nasema pasi yoyote ya singa ya Tanga itakayoandikwa bila kuanzia pale itakuwa imeandikwa juu ya hewa.

Kwa msomaji asiyetoka huku, nieleze kidogo. Mkonge hauuzwi majani. Wakataji hukata, hufunga matita ya majani 30, hupanga, na kazi huhesabiwa kwa mita. Majani yakishakatwa saa imeanza kwenda: inatakiwa yafike korona ndani ya siku moja au mbili, yakichelewa yanakauka na singa inaharibika. Korona ni mashine ya kukwangua. Inaponda jani, inaosha kwa maji mengi, nyama ya jani inakwenda upande mmoja na singa inatoka upande wa pili. Kisha singa huanikwa, hupigwa brashi, hupangwa kwa daraja, hufungwa robota. Katika kilo 1,000 za majani, singa kavu inayopatikana ni kama kilo 30 hadi 40. Hebu itazame hesabu hiyo kwa macho ya mkulima. Kati ya 30 na 40 kuna tofauti ya robo ya mapato yake. Tofauti hiyo inaweza kuletwa na umri wa jani, na mvua, na visu vya korona vilivyochoka, na majani kulala siku tatu. Inaweza pia kuletwa na karani. Mkulima hana namna ya kujua ni ipi, kwa kuwa majani hayakupimwa uzito yalipoingia, na singa ilipimwa yeye hayupo.

Pengo hilo ndilo pengo la daftari la shangazi. Na ndilo pengo la mnyororo mzima hadi bandari ya Rotterdam, Uholanzi.

Tumewahi kuwa na mfumo wa taarifa katika mashamba haya, na wazee wa Korogwe na Muheza hawajausahau. Manamba, vibarua walioletwa kutoka Kigoma, Songea, Ubena, Burundi na Msumbiji waliitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Ukimaliza kata yako, kazi ya siku uliyopangiwa, siku inawekwa alama. Usipoimaliza, siku haiandikwi hata kama umetoka jasho tangu alfajiri. Kadi ikijaa ndipo unalipwa. Ulikuwa mfumo sahihi sana wa kumfuatilia mtu. Ulijua nani yuko wapi na kafanya nini kila siku ya Mungu, na ulimtumikia yule aliyeshika kalamu. Nikisikia leo mtu anasifu programu itakayomfuatilia mkulima "kuanzia shambani hadi sokoni", swali langu la kwanza huwa ni hilohilo: kalamu anashika nani?

Zao lenyewe limepitia makubwa. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yapata 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika hai pwani yetu ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62, Tanganyika ikaja kuongoza dunia, na mwaka 1964 ikavuna zaidi ya tani 230,000. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakarudi pori, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa kwenye tani kama 20,000. Tangu mwaka 1999 mashamba ya Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi yalianza kugawiwa wakulima wadogo, na leo wamo katika vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS. Hili la umiliki ni jambo kubwa na zuri. Mjukuu wa mwenye kipande sasa ana shamba lake. Ninachoogopa ni shamba kuwa lake huku taarifa za shamba zikiwa za mwingine.

Wapo wanaosema suala la uaminifu ni la tabia, mashine haitalitibu. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu uko hapahapa mkoani. Nenda kituo chochote cha kukusanyia maziwa asubuhi na mapema, baiskeli zikiwa zimeegeshwa zina madumu na makopo ya bati. Mfugaji anamimina maziwa yake. Laktomita inazamishwa mbele yake kuona kama yameongezwa maji. Tone linachanganywa na spiriti mbele yake kuona kama yanaganda. Lita zinasomwa mbele yake, zinaandikwa kwenye kadi yake, kadi anaondoka nayo. Wakikataa maziwa anarudi nayo nyumbani amekasirika, lakini anajua sababu. Hakuna kompyuta katika hatua hizo, na bado ni mfumo bora wa taarifa kuliko mingi niliyoonyeshwa kwenye vikao, kwa kuwa kipimo na mwenye mali wamekutana mahali pamoja. Ukija kuuwekea kompyuta baadaye, utakuwa umeiwekea kitu cha kweli.

Mkonge ni mgumu kuliko maziwa, nakiri. Meneja mmoja wa korona alinieleza vizuri: mashine ikishawashwa inataka majani mfululizo. Ukiisimamisha kila mkulima anapoisha ili singa ya huyu isichanganyike na ya yule, unapoteza saa, maji na umeme, na mwisho wa siku majani ya watu wengine yanakauka nje. Hoja hiyo ni ya kweli na lazima ijibiwe. Jibu liko kwenye miwa. Kule Kilombero mkulima wa nje, mwenye shamba lake nje ya shamba la kiwanda, halipwi kwa sukari ya miwa yake mwenyewe iliyotengwa peke yake. Miwa inapimwa uzito langoni, sampuli inachukuliwa, kiwango cha sukari kinapimwa, malipo yanafuata. Nasi tupime trekta linapoingia likiwa limejaa, tulipime likitoka tupu, tuchukue matita machache kama sampuli yakwanguliwe pembeni, na singa ya kundi lote igawanywe kwa uzito na sampuli. Korona haisimami hata dakika moja.

Baada ya mwaka mmoja wa kupima hivyo, jambo jingine linatokea, na hapa ndipo teknolojia inapoonyesha thamani yake. Unakuwa na kumbukumbu ya kila kitalu: majani kiasi gani, singa asilimia ngapi, mwezi gani, yalisubiri saa ngapi. Shangazi akipata asilimia 3 wakati majirani wenye mkonge wa umri uleule, walioingiza majani wiki ileile, wamepata 4, swali linaibuka lenyewe na linajibika. Labda majani yake yalilala. Labda visu vilikuwa butu siku hiyo, na kama ni visu basi itaonekana kwa wote waliofuata, fundi ataitwa kabla wiki haijaisha. Vihisishi vya joto na mtikisiko vinavyofungwa kwenye mashine za viwanda vya kisasa hufanya kazi ya namna hiyo: vinasema mashine inaelekea kuumwa kabla haijalala chali. Lakini kwa korona zetu, nyingi zikiwa na umri mkubwa kuliko mafundi wake, uwiano wa majani na singa ni kihisishi tosha cha kuanzia, na hakiagizwi kutoka nje.

Kuna na la zamu. Hasara kubwa ninayoiona kwa macho ni majani yaliyokatwa yakangoja korona ambayo haina nafasi au imekatikiwa umeme. Mkataji kalipwa, trekta limelipwa, jani linanyauka. Ratiba ya zamu inayotumwa kwa simu, inayosema kitalu chako kikatwe Jumatano kwa kuwa korona itakupokea Alhamisi, na inayojirekebisha korona ikiharibika ili watu waache kukata, ingeokoa singa nyingi kuliko programu yoyote ya setilaiti. Nashangaa kwamba hii, iliyo rahisi kuliko zote, ndiyo isiyozungumzwa.

Tukishapima majani yanapoingia, tutakuwa tumepima pia kitu ambacho hakuna anayetaka kukihesabu: makapi. Kwa miaka zaidi ya mia moja tumetumia takribani asilimia 2 tu ya mmea wa mkonge, mengine yote yakatupwa, na maji yake machungu yakatiririka kuelekea Mto Pangani. Hale kulijengwa mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa gesi na kuzalisha umeme, kilowati 300, na ulionyesha kwamba jambo linawezekana. Sasa chukua zile kilo 1,000 za shangazi. Amelipwa kwa 35. Kilo 965 zilizobaki zimeingia korona zikiwa mali yake, na zikageuka bila kuandikwa kuwa mali ya mwenye korona. Zilipokuwa taka hakuna aliyeuliza. Zikiwa gesi, mbolea, na kesho labda hati za kupunguza hewa ya ukaa zinazouzwa kwa fedha za kigeni, mkulima ana haki ya kuuliza, na hawezi kuuliza bila namba. Mizani moja langoni inafungua maswali yote mawili. Nadhani hiyo ni sehemu ya sababu ya kuchelewa kwake.

Niseme neno kuhusu saruji, kwa kuwa Tanga ni mji wa saruji pia na wenye viwanda vya Pongwe na Maweni wanasikia habari za viwanda janja kuliko sisi wa mkonge. Tanuri la klinka, mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, linachomwa kwa nyuzi joto zinazofikia 1,450, na vihisishi na kompyuta vinavyorekebisha moto na hewa kila dakika huokoa makaa na umeme kweli. Lakini zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoka pale haitokani na moto. Inatoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapopasuka kwa joto. Kompyuta haibadilishi kemia ya jiwe. Kupunguza kiasi cha klinka ndani ya mfuko wa saruji, kwa kuchanganya pozolana, yaani mawe ya volkano, au majivu, kunafanya zaidi. Nalitaja hili kwa sababu mtu akikwambia kiwanda kimekuwa cha kijani kwa kuwa kimekuwa cha kidijitali, muulize kipi hasa kimepimwa.

Bandari yetu nayo imebadilika. Meli zilizokuwa zikitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari sasa zinafunga gatini, penye kina cha mita 13, na nyaraka za forodha zinapita kwenye dirisha moja la kielektroniki. Kutoka langoni mwa bandari kwenda mbele, robota la mkonge lina nyaraka nyingi kuliko mtu. Nyuma ya lango hilo kuna makaratasi ya ghala. Nyuma ya ghala kuna meseji ya shangazi.

Ninajua kuna watakaosema tununue mfumo uliokwisha tengenezwa na wakubwa, tuache kuhangaika. Basi tuitazame TradeLens. Kampuni ya meli ya Maersk na kampuni ya kompyuta ya IBM ziliuanzisha mwaka 2018, jukwaa la blokucheni la kufuatilia makontena ya dunia nzima. Fedha zilikuwapo, wataalamu walikuwapo. Novemba 2022 wakatangaza kuufunga, kwa maelezo yao wenyewe kwamba ushirikiano wa sekta nzima uliotakiwa haukupatikana. Tangu mwanzo washindani wa Maersk walikuwa na mashaka ya kumwaga taarifa zao kwenye chombo cha mshindani mwenzao. Ikiwa makampuni ya meli yenye mawakili na mabilioni yalisita kumpa mwingine daftari lao, kwa nini tunamwona mkulima wa Magoma mgumu wa kuelewa anapofanya hivyohivyo?

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Jina la mkulima, namba yake ya simu, ramani ya shamba lake na mapato yake ni taarifa zake. Anayekuja kijijini na kishikwambi kupima mipaka kwa niaba ya mnunuzi anatakiwa aeleze anachukua nini na kwa ajili gani. Mwaka jana kijana mmoja alipita kwa shangazi, akazunguka shamba lote akiwa na simu, akampiga na picha, akaondoka. Shangazi hakupewa hata karatasi. Yule kijana alikuwa mpole na mwenye adabu, shangazi alimpa maji ya kunywa na ndizi, na mpaka leo hajui ramani ya shamba lake iko kwa nani.

Kwa hiyo ninachotaka kinaweza kuwekwa bayana. Mizani ya trekta katika kila korona, yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo wa mwaka husika, na kioo chake kielekee upande wa wakulima. Risiti ya karatasi papo hapo, maana mtandao Magoma si wa kutegemea na betri ya simu huisha. Kisha taarifa hizo ziingie kwenye mfumo wa chama, na mkulima aweze kuzisoma kwa simu ya kitochi kwa kubonyeza nyota, namba na reli, bila bando na bila simu janja: uzito wa majani, uzito wa singa, daraja, asilimia, makato na sababu yake. Akihama korona, kumbukumbu zake zihame naye. Mnunuzi wa Ulaya au wa China, na China ni mnunuzi mkubwa wa mkonge wetu asiyeuliza habari za pasi, akitaka ramani ya shamba aiombe kwa chama, na chama kiijadili kama kinavyojadili bei. Taarifa nazo zina bei.

Nani alipie? Nimesikia pendekezo kwamba gharama zikatwe kwa mkulima kwa kila kilo, kwa kuwa yeye ndiye "atakayefaidika na soko". Hapana. Anayetaka pasi ni mnunuzi, na anayeuza gesi ya makapi ni mwenye korona. Mkulima amekwisha lipia kukata, kusomba na kukwangua kabla hajaiona shilingi. Kama akichangia, achangie kupitia mtaji wa chama, ili mizani iwe mali ya chama na meneja wa korona awe mgeni mbele yake. Hapo ndipo hesabu ya nani ameshika kalamu inapogeuka.

Shangazi nilimsomea rasimu ya maneno haya akiwa anachambua mchicha. La setilaiti halikumgusa, la blokucheni aliniambia nilieleze tena na nilipolieleza akasema hilo ni daftari. Kwenye mizani alinisimamisha. Alitaka kujua kioo kitakuwa na tarakimu kubwa kiasi gani, kwa kuwa macho yake ya jioni si ya asubuhi, na matrekta mengi huingia korona magharibi. Nikaandika pembeni: kioo kiwe na taa. Mkutano mkuu wa chama chao uko baada ya mavuno haya, na amekwisha mwomba katibu aiweke mizani kwenye ajenda, kabla ya mengineyo.